Popo Waliolingana Vidole

Kila asubuhi mama alirudi kutoka kazini akiwa na unga kwenye nyusi. Alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, na hata ajipanguse vipi, unga ulimng'ang'ania nyusini, akaonekana kama mtu aliyezeeka kwa usiku mmoja. Alivua viatu mlangoni, akaweka mkate mezani, kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Bibi yako ameamkaje?"

"Salama," alijibu binti yake, huku akitafuta soksi ya pili chini ya kiti.

"Ulimgeuza?"

"Nilimgeuza, Mama."

Na kutoka chumbani sauti ya Bibi ingedakia, "Huyu mke mwenzangu amenigeuza hata nimesahau mgongo wangu uko upande gani!"

Bibi alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani na amri moja kubwa: asiachwe alalie upande mmoja kwa saa nyingi, kwa maana mtu asiyeweza kujigeuza huota vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo ni vibaya kuliko hata kuvunjika kwenyewe. Mchana mama ndiye aliyemgeuza, akiiba usingizi vipande vipande katikati. Usiku ilikuwa zamu ya binti. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani alijulikana zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura.

Shuleni binti huyu aliitwa Mashine. Wenzake walimbatiza jina hilo kwa wepesi wake, kwani mara nyingi yeye alikuwa amemaliza hesabu wakati wao bado wanapiga mistari ya pembeni. Alilipenda jina lake. Hakuna aliyewahi kumwona Mashine akiomba muda zaidi, wala akisema kazi imemshinda.

Lakini siku hizi Mashine alikuwa anasinzia. Alisinzia mstarini, akasinzia akipiga mswaki, na darasani alikuwa amejifunza kulala macho wazi, uso ukiwa umeelekea ubaoni kama wa mwanafunzi bora. Macho yalimwasha kana kwamba mtu ameyatia mchanga. Akiulizwa kama anaumwa, alijibu, "Mimi? Siumwi kitu."

Muhula ule mwalimu wa sayansi aliwaletea mgeni. Alikuwa mtafiti, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na kazi yake maishani ilikuwa kuchunguza mifupa ya wanyama. Kabla ya kengele ya pili wanafunzi walikwisha kumwita Bi Mifupa. Alipolisikia jina hilo alicheka, akasema hajawahi kupewa cheo kizuri kama hicho, basi waendelee kumwita hivyo hivyo.

"Wekeni mkono mmoja juu ya meza," aliwaambia katika chumba cha kompyuta. "Sasa uguseni kwa mkono wa pili. Juu ya kiwiko kuna mifupa mingapi?"

"Mmoja!"

"Chini ya kiwiko?"

Walipapasa. "Miwili!"

"Halafu vijifupa vya kifundo, halafu vidole. Haya, tazameni hapa."

Kwenye ukuta akaonyesha picha ya pezi la nyangumi, likiwa limebaki mifupa mitupu. Mfupa mmoja juu, miwili chini, vijifupa vya kifundo, vidole. Akaonyesha mkono wa fuko, mnyama achimbaye chini ya ardhi: mfupi, mpana, umekaa kama koleo, lakini mifupa ni ile ile. Kisha akaonyesha bawa la popo. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyembamba kama njiti za mwavuli, na ngozi imetandazwa katikati yake.

"Mfupa mpya hakuna," alisema Bi Mifupa. "Huyu amerefushiwa vidole, yule amefupishiwa mkono. Ni mkono mmoja umeshonwa upya mara nyingi."

Mvulana mmoja mwenye miwani minene, ambaye hata walimu walimwita Miwani, aliinua mkono. "Nani aliyewarefushia?"

"Swali hilo ndilo lililoniotesha mvi. Katika kila kizazi watoto wanazaliwa wakiwa na tofauti ndogo ndogo. Mwenye kidole kirefu kidogo akiruka vizuri zaidi, anakula, anapona, anazaa watoto wanaofanana naye. Rudia hivyo kwa mamilioni ya miaka. Hayo ndiyo tunayaita mageuko. Sasa kuyajua ni lazima upime, tena upime wanyama wengi sana, wa leo na wa kale. Na mimi siwezi kuzunguka makumbusho yote ya dunia na rula mkononi, miguu yenyewe ndiyo hii."

Wanafunzi wakacheka. Ndipo akawaeleza juu ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililomo ndani ya kompyuta. Makumbusho ya nchi nyingi yamepiga picha mifupa yaliyonayo na kuziweka zote katika ghala hilo moja. Zimo pia picha za visukuku, mabaki ya wanyama wa kale yaliyogeuka mawe. Lakini picha peke yake haisemi kitu. Lazima mtu aweke alama kwa kipanya: hapa mfupa unaanza, hapa unaishia, hapa kiungo. Alama zikikamilika, kompyuta inapima urefu wa kila mfupa, na mnyama mmoja anaweza kulinganishwa na maelfu ya wenzake.

"Nahitaji mikono mizuri," alisema. "Kila picha itawekwa alama na watu wawili, kila mtu kivyake. Wakitofautiana, tunarudia. Nani yuko tayari kubaki baada ya masomo?"

Mashine alipaswa kuwahi nyumbani kabla mama hajaondoka. Alijua hivyo. Lakini mwalimu alikuwa anamtazama, na darasa zima lilikuwa linamtazama, na mkono wake ukapanda wenyewe.

Mwanzoni kazi ilimkaa vizuri. Aliweka alama kwa uangalifu, kichwa kikiwa karibu na skrini, na alama zake na za Miwani zilipolinganishwa zilikaribiana kama ndugu. Tofauti ilikuwa kasi tu. Miwani aliweka alama moja, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, ndipo akaenda kwenye ya pili. Mashine alikuwa ameshapita picha kadhaa.

Bi Mifupa alimwona. Siku moja alivuta kiti karibu naye. "Binti yangu, kuna kundi la popo. Ni wengi, wa leo na wa visukuku, na watu sina. Nakuona mkono wako hautetereki. Utaweza kuwafanya peke yako?"

"Naweza, Bi Mifupa."

Jibu lilitoka kabla hajafikiri. Lilikuwa ndilo jibu lake siku zote.

Wale popo hawakuwa na mwisho. Bawa baada ya bawa, kidole baada ya kidole, na kila bawa lilitaka alama nyingi kuliko pezi na mguu vikiwekwa pamoja. Kompyuta za chumba kile zilikuwa zinanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Joto la mchana lilikuwa bado limejaa ndani. Mashine alikuwa anaweka alama kwenye kiungo, kichwa kinashuka, anashtuka, anakuta alama imeangukia nje ya mfupa kabisa. Anairudisha. Kichwa kinashuka tena.

Katika programu ile kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Nakili alama za picha iliyotangulia". Kiliwekwa kwa nia njema. Alama za mnyama wa kwanza zinahamia kwa wa pili, kisha wewe unazisogeza moja moja hadi zikae mahali pake. Mashine alikibonyeza. Alama zote zikaruka juu ya bawa jipya, zikatua karibu karibu na zinapotakiwa. Akasogeza mbili. Akatazama saa ya ukutani, akamkumbuka mama aliyekuwa anafunga kitambaa cha kazi, akaziacha zilizobaki. Popo ni popo, alijiambia. Akabonyeza "Hifadhi".

Siku iliyofuata hakusogeza hata moja. Alibonyeza nakili, akabonyeza hifadhi, akavuta picha nyingine. Mara nyingine alikuwa macho na anaona wazi kwamba alama zimepishana na kidole. Mara nyingine alikuwa nusu amelala, na baadaye hakukumbuka alifanya nini. Aliingia kwenye visukuku, mabawa yaliyobanwa ndani ya mawe kama jani ndani ya kitabu, na alama za popo wa leo akazibandika juu yao.

Kundi lile likaisha mapema kuliko alivyotarajia mtu yeyote.

"Si nilisema?" mwalimu wa sayansi alijisifu kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. "Huyu ni Mashine!"

Ijumaa moja Bi Mifupa aliingia darasani karibu anakimbia. Mkoba ulikuwa wazi, karatasi zinachungulia nje. Aliwasha skrini ya ukutani bila hata kusubiri salamu ziishe.

"Kila nukta mnayoiona ni mnyama mmoja," alisema. "Wanaofanana wanakaa karibu, wasiofanana wanakaa mbali. Tazameni nyangumi, wametawanyika. Mafuko hawa hapa, wametawanyika kidogo. Sasa tazameni popo wa Mashine."

Nukta za popo zilikuwa zimejibana mahali pamoja kama vifaranga chini ya mama yao.

"Nyingine ni popo wanaoruka leo. Nyingine ni visukuku vya zamani mno. Na vidole vyao ni sawasawa! Maana yake, katika jamii hii bawa halijabadilika kabisa kwa mamilioni ya miaka. Tangu nikiwa mwanafunzi natafuta jambo kama hili." Sauti yake ilitetemeka kidogo. "Watafiti wenzangu wa nchi nyingine wameniomba niwaeleze katika mkutano wetu, wiki ijayo. Na nitataja shule hii. Nitamtaja na binti huyu."

Darasa likapiga makofi. Miwani hakupiga. Alikuwa amekunja paji la uso, anaitazama skrini.

"Mbona wamelingana hivyo?" aliuliza. "Mimi na pacha wangu tumezaliwa siku moja, na vidole vyetu havilingani."

"Ndiyo maana ni ajabu, mwanangu," alijibu Bi Mifupa, na akacheka kwa furaha.

Mashine alitabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama, na tabasamu lenyewe lilimchosha kama kubeba ndoo.

Jioni ile hakugusa chakula. Mama alipomuuliza, alisema ameshiba. Alimgeuza Bibi mara moja. Mara ya pili alikusudia kuamka, lakini alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani na mama alikuwa anavua viatu mlangoni. "Ulimgeuza?" "Nilimgeuza." Maneno yalitoka laini, kama yamepakwa mafuta.

Muuguzi alikuja Jumamosi kumtazama Bibi, kama alivyokuwa akija kila baada ya wiki chache. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mikono iliyonukia sabuni. Aliomba maji ya moto, akaomba dirisha lifunguliwe, kisha yeye na mama wakamlaza Bibi kiubavu. Mashine alisimama mlangoni akiwa ameshika taulo.

Muuguzi aliinama zaidi. Juu kidogo ya makalio ngozi ya Bibi ilikuwa na doa, limeiva, lina joto. Alilibonyeza kwa kidole, akaliachia, akasubiri. Doa halikubadilika, dalili kwamba kidonda kinaanza.

"Anageuzwa usiku?" aliuliza.

"Anageuzwa," mama alisema haraka. "Binti yangu anamgeuza. Kila siku namuuliza."

"Kila baada ya saa chache?"

"Ananigeuza vizuri tu," alidakia Bibi, uso ukiwa ndani ya mto. "Msimsumbue mtoto. Ngozi ya kizee ndivyo ilivyo, ukiitazama sana inaona haya inaiva."

Alikuwa anafanya mzaha, lakini vidole vyake vilikuwa vimekamata shuka kwa nguvu. Mashine aliviona. Aliona kwamba Bibi ana maumivu, na kwamba amekuwa nayo siku nyingi, na kwamba hata sasa anasema uongo ili yeye asigombezwe.

"Simgeuzi," alisema. "Namgeuza mara moja. Siku nyingine hata hiyo moja simgeuzi. Nalala. Naweka nia ya kuamka, lakini nalala."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, taratibu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe umechoka, Mama."

Mama alipitisha mkono usoni, na unga wa usiku ukabaki kiganjani. "Nami nilikuwa nauliza ili unijibu ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nikisikia ndiyo, nilikuwa napata kulala."

Muuguzi alikuwa anapaka dawa. Hakupandisha sauti. "Ngozi bado haijafunguka. Tumewahi. Lakini sikilizeni niwaambie. Katika nyumba hii kila mtu anamficha mwenzake uchovu, na anayelipia ni huyu aliyelala. Huyu ni mtoto, ana masomo, ni lazima alale. Hakuna ndugu mwingine?"

"Yupo wifi yangu," mama alisema. "Alishajitolea kuja. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemkataa."

"Anakoroma!" Bibi alilalamika. "Ni binti yangu, nampenda, lakini akilala yule ni kama lori la kaka yake limeingia ndani ya nyumba."

"Basi utachagua, Mama," alisema muuguzi. "Lori au kidonda."

Bibi aliguna. "Haya, mleteni na lori lake."

Shangazi alifika siku hiyo hiyo na mto wake chini ya kwapa. Mama hakumgombeza Mashine, wala hakumsifu. Alimlaza kitandani kwake mwenyewe, akafunga pazia, na Mashine akalala mchana kutwa, usingizi mzito usio na ndoto. Alipoamka kichwa kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Na kwa kuwa kilikuwa chepesi, lile jambo la pili lilimjia likiwa wazi, halina pa kujificha. Kumbe ukishasema ukweli mmoja, wa pili hauachi kugonga.

Jumatatu alimkuta Bi Mifupa peke yake katika chumba cha kompyuta, akipanga picha za kuonyesha mkutanoni. Nukta za popo zilikuwa kwenye skrini, zimezungushiwa duara jekundu.

"Shikamoo, Bi Mifupa."

"Marahaba, mtu wangu! Njoo uone nilivyozipendezesha."

"Si za kweli," Mashine alisema.

Bi Mifupa aligeuka.

"Nilinakili. Nilibonyeza kile kitufe, halafu sikuzisogeza alama. Ndiyo maana vidole vimelingana. Si popo waliolingana, ni alama." Alikuwa amejiandaa kusema kwa utaratibu, lakini pumzi zilimkatika. "Nilikuwa na usingizi. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nisamehe."

Bi Mifupa alivuta kiti akaketi, akavua miwani yake ya kusomea, akakaa anaitazama skrini kama mtu anayeaga. Mashine alitamani agombezwe.

"Picha zipi?" Bi Mifupa aliuliza hatimaye.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Angeweza kutaja chache, akaonekana mwenye kumbukumbu nzuri. "Sijui," alisema. "Za mwanzo nilizifanya vizuri. Kisha sikumbuki. Nyingine nilikuwa kama nimelala."

"Hujui."

"Sijui, Bi Mifupa."

Mtafiti alishusha pumzi ndefu. "Afadhali umesema hujui. Ungenitajia chache kwa kubahatisha, tungerekebisha hizo, na uongo uliobaki ungekaa humo ndani miaka mingi." Akavaa miwani. "Na mimi nina langu. Niliweka sharti la watu wawili kwa kila picha, halafu nikalivunja mwenyewe kwa sababu nilikuwa na haraka. Miwani aliuliza swali la maana kabisa, nami nikacheka. Nilitaka sana liwe kweli." Sauti yake ilikuwa imechoka, mbali na ile ya Ijumaa. "Lete kiti."

Akawachagua popo wote katika hifadhidata, wema kwa wabaya. Kompyuta ikauliza: "Una hakika unataka kufuta?" Bi Mifupa alikaa kidogo, kidole juu ya kipanya. Kisha akabonyeza. Duara jekundu likabaki limezunguka patupu.

Siku hiyo hiyo aliwaandikia wenzake kwamba hatazungumza kwenye mkutano, kwa kuwa vipimo vimeonekana kuwa na kasoro na vinarudiwa. Jina la mtoto hakulitaja. Mwalimu wa sayansi alipopata habari alishika kiuno, akatikisa kichwa, akasema, "Nami nilikuwa nasema mashine, mashine, kumbe mtoto anadondoka." Tangu siku ile akaanza kumwita kwa jina lake alilopewa nyumbani, ingawa darasa halikumfuata.

Kazi ikaanza upya. Mashine na Miwani waligawiwa picha zile zile, kila mtu na kompyuta yake, bila kuchunguliana. Kile kitufe Bi Mifupa alikuwa amekiondoa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, tena ya kuchosha kwa namna mpya, kwa sababu haikuwa na sifa ndani yake. Wenzao waliokuwa wamepiga makofi sasa walipita dirishani wakielekea uwanjani. Kuna aliyesema kwa sauti, "Mashine imeharibika!" Watu wakacheka. Mashine alihisi masikio yanawaka moto, lakini akaendelea kutafuta mwisho wa kidole cha tatu ndani ya jiwe.

"Wewe hukasiriki?" alimuuliza Miwani siku moja. "Unarudia kwa kosa langu."

Miwani alikuwa anafuta miwani yake kwa shati. Alifikiri. "Nilikasirika Jumanne," alisema. "Jumatano nikasahau."

Alama zikakamilika siku moja alasiri, wakati jua limeanza kulegea. Bi Mifupa aliwaita wote wawili pamoja na mwalimu, akawasha skrini ya ukutani. Nukta za popo zilitokea moja moja, na safari hii hazikujibana. Zilitawanyika. Za visukuku zilikaa upande mmoja, za popo wa leo zikasogea upande wa pili, na katikati kulikuwa na chache zilizolegea kama watu wanaotembea barabarani kwa mafungu.

"Visukuku vina vidole vifupi zaidi," alisema Miwani taratibu.

"Vifupi zaidi kidogo," Bi Mifupa aliitikia. "Vimerefuka polepole, kizazi kwa kizazi. Watu wengi walikuwa wanadhani hivyo. Sasa tuna vipimo vya kuwaunga mkono."

"Kwa hiyo si ajabu tena?" Mashine aliuliza.

"Si habari ya kupigiwa tarumbeta. Hakuna atakayenialika popote kwa hii." Alitabasamu kidogo. "Lakini nikiwa nayo naweza kulala kwa amani."

Kisha akaketi ukingoni mwa meza, macho yake yakilingana na yao.

"Nataka nikuambie jambo, binti yangu, na mwenzako asikie. Ungeniachia kazi nusu ukasema, 'Hapa nimefika, nimechoka,' ningejua nusu ipo na nusu haipo. Kesho tungemalizia. Uliponipa kazi yote imejaa, na ndani yake mna uongo, hata ile nusu nzuri uliiua, kwa sababu sikuweza kuitambua. Kazi ambayo haijakwisha huendelezwa. Kazi ya uongo lazima ibomolewe kwanza. Kuchoka si kosa. Mwili wako ulikuwa unakupa taarifa ya kweli, nawe ukaificha, na kwa hiyo ukalazimika kuficha na nyingine. Siku nyingine mtu akikuuliza kama unaweza, jipe nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Na sisi wakubwa," akamgeukia mwalimu, "tujifunze kuuliza swali hilo huku tukiwa tayari kusikia 'hapana'."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, macho chini.

"Kuna kundi jingine limeingia kwenye hifadhidata," Bi Mifupa aliendelea. "Panya wa mchangani. Mtalianza leo?"

Miwani alisema anaweza kufanya picha chache. Mashine alifungua mdomo kusema naye anaweza. Akaufunga. Akatazama mikono yake, akasikiliza mgongo wake na macho yake.

"Leo hapana, Bi Mifupa. Nimechoka. Nitakuja kesho."

"Basi nenda salama."

Hakuna aliyeshangaa. Alibeba mkoba wake, akatoka nje, akapita kando ya uwanja ambako wenzake walikuwa bado wanakimbizana. Alipofika nyumbani Shangazi alikuwa anamgeuza Bibi, na wote wawili walikuwa wanabishana juu ya mto. Mama alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda kazini.

"Umeshindaje?" mama aliuliza.

"Nimechoka sana," alisema.

Mama akasogea kwenye kiti kirefu alichokalia, akampisha nafasi. Binti akajilaza, kichwa juu ya mapaja ya mama yake, na jua la jioni likiwa bado ukutani akalala.